Theluji si barafu: Funzo la Krismasi kutoka Taita Taveta

Kila ifikapo Desemba, neno moja ambalo huwa limelala mwaka mzima huamka na kuanza kutembea katika mazungumzo yetu: theluji. Tunalikuta kwenye kadi za Krismasi, kwenye matangazo ya maduka makubwa, katika filamu za runinga na, siku hizi, katika simu za video tunazopigiwa na jamaa zetu walio ng'ambo. Mtu yuko Voi, joto linamchoma, feni inazunguka juu ya kichwa chake bila kumpa nafuu. Anamtazama kwenye simu mpwa wake aliye Minnesota, amevaa koti nene kama godoro, yuko nje na mumewe, watoto na majirani, wanarushiana kitu cheupe na kucheka. "Mjomba, ona vile barafu inaanguka!" Naye mjomba anajibu, "Ala! Poleni na barafu."

Hapo ndipo ninapotaka kuingilia mazungumzo yao. Kinachoanguka huko Minnesota si barafu. Barafu ikianguka kutoka angani, mpenzi msomaji, watu hawacheki. Wanakimbilia chini ya paa. Kinachoanguka ni theluji. Wapo watakaosema kwamba hii ni chuki ya mwalimu wa lugha ambaye hana kazi likizo hii. Mbona tugombane juu ya vitu viwili ambavyo vyote ni maji yaliyoganda, tena ambavyo Mkenya wa kawaida haoni hata kimoja nje ya friji? Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba tofauti hiyo ni yetu, kwamba ina historia inayopitia Taita, na kwamba kwa wakazi wa Taita Taveta hasa, kuyachanganya maneno haya mawili kunaweza kutuficha jambo zito.

Nianze na maana. Theluji ni maji yaliyogandia angani, ndani ya wingu, yakawa vijipande vyepesi kama sufi inayopeperuka kutoka kwenye msufi, kisha yakashuka chini taratibu. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu: katika friji, juu ya ziwa wakati wa kipupwe cha nchi za kaskazini, au mlimani, pale theluji inapolundikana mwaka baada ya mwaka hadi ile ya chini ikagandamizwa na kuwa kama jiwe. Yapo maneno mengine mawili ya ukoo huo. Mvua ya mawe ni vidonge vya barafu vinavyoshuka kwa kishindo pamoja na dhoruba. Sakitu nayo ni ule unyevu unaoganda usiku juu ya majani. Muulize mkulima wa viazi kule Nyandarua au wa majani chai kule Kericho, atakueleza hasara yake. Kwa hiyo Kiswahili, lugha iliyozaliwa ufuoni mwa bahari yenye joto, kina maneno manne kwa jambo ambalo wengi wa wasemaji wake hawajawahi kuligusa. Si haba.

Maneno hayo mawili makuu yalitoka wapi? Theluji tumeitoa katika neno la Kiarabu, thalj. Barafu asili yake ni Kiajemi, barf, neno ambalo pia limeenea katika lugha za Bara Hindi, ambako mabaharia na wafanyabiashara wa pwani yetu walikuwa na shughuli nyingi. Na hapa pana jambo la kufurahisha. Katika Kiajemi, barf ni ile inayoanguka, yaani theluji; barafu ngumu wao wana neno jingine. Katika Kiarabu, thalj linaweza kutumika kwa vyote viwili, ile inayoanguka na ile ya kwenye gilasi. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilikopa maneno mawili ambayo kwa wenyewe yote yangeweza kuitaja theluji. Kingeweza kuyaacha yawe visawe, kama ndugu wawili wanaogombania kiti kimoja. Hakikufanya hivyo. Kilimpa kila mmoja kazi yake: theluji ikashika ya angani, barafu ikashika ile ngumu.

Hivyo ndivyo lugha hai inavyofanya na mikopo yake. Meza tuliitoa kwa Wareno, dawati tukalitoa kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo lilihusu kidau cha wino. Leo mwanafunzi wa Kenya hachanganyi vitu hivyo viwili: dawati ni la darasani, meza ni ya chakula. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Wasemaji wenyewe waligawa kazi.

Sasa twende Voi. Kwa mtoto aliyekulia pale, au Mwatate, au Mombasa, barafu ni kitu cha kufyonza kabla ya kuwa kitu cha kutazama. Ni maji ya ukwaju au ya ubuyu yaliyotiwa sukari na rangi, yakafungwa katika kijifuko cha plastiki na kugandishwa. Nje ya nyumba kunaandikwa kwenye kibao: "Barafu zinauzwa hapa." Wanaopenda ngeli watazame hapo. Barafu kama kitu kisichohesabika iko katika ngeli ya I-I: barafu imeyeyuka. Lakini mama wa Voi anayeziuza anazihesabu, kwa hiyo kwake zimo katika I-ZI: barafu hizi, barafu tatu, barafu zimeisha. Sioni kosa hapo. Kitu kikishafungwa na kuwekwa bei, kinapata wingi. Theluji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiuza kwa kijifuko, imebaki bila wingi: theluji nyingi, theluji imeanguka, theluji ilitufika magotini.

Je, theluji yenyewe ni kitu cha kigeni kwa watu wa Taita Taveta? Wengi hudhani hivyo, na hapo wamekosea. Asubuhi ya Desemba isiyo na mawingu, mtu akisimama Taveta mjini na kutazama kaskazini-magharibi, anaona kilele cha Kibo kikiwa umbali wa kilomita kama 50 tu. Kutoka vilele vya milima ya Taita pia, hewa ikiwa safi, kinaonekana kimeelea juu ya nyika. Wamaasai waliuita mlima huo Ol Doinyo Oibor, yaani mlima mweupe. Familia ya Taveta inayoandaa Krismasi nje chini ya mwembe, kuku anachomwa upande huu na watoto wanacheza upande ule, inakula sikukuu yake ikiitazama theluji, bila kuhitaji kadi wala filamu.

Hesabu yake ni rahisi. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Voi iko mita 580 hivi juu ya usawa wa bahari; kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Tofauti ni mita 5,300 na ushei, sawa na nyuzi 32. Kwa hiyo mchana ambao Voi ina nyuzi 30, kileleni ni chini kidogo ya sifuri. Joto la Voi na theluji ya Kibo ni majirani wanaoishi ghorofa tofauti za nyumba moja.

Tena kuna historia. Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai pamoja na Ludwig Krapf, alikuwa njiani kati ya milima ya Taita na nchi ya Wachaga. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri. Rebmann aliona kitu cheupe sana juu ya mlima, kama wingu linalong'aa. Alipomuuliza kiongozi wake, jibu alilopata lilikuwa neno moja: baridi. Rebmann, aliyezaliwa nchi ya theluji, alitambua mara moja kile alichokuwa akikiona. Akaelewa pia kwa nini kulikuwa na masimulizi ya watu waliopanda kutafuta fedha iliyong'aa kileleni, wakafa au wakarudi na mikono na miguu iliyoharibika, na lawama wakatupiwa pepo. Aliyewaua ni baridi.

Katika vitabu vingi kisa hiki husimuliwa kwa namna ya kumfanya Mzungu mjuzi na Mwafrika mjinga: ati mmoja alijua ni theluji, mwenzake akajua ni baridi tu. Mimi nalisoma jibu la Bwana Kheri kwa jicho la mwanaisimu. Mtu asiye na jina la kitu hukiita kwa kazi yake. Ndivyo tunavyofanya kila siku: "nimeshikwa na baridi", twasema, tukimaanisha ugonjwa wa mafua. Bwana Kheri hakusema ni fedha, wala hakusema ni pepo. Alisema kile kitu kinachofanya kwa mwili wa binadamu, na alikuwa sahihi kuliko mabwana wakubwa wa London. Habari za Rebmann zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga mwambao wetu, alizikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani! Ubishi huo uliendelea kwa miaka, hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipoufikia mlima mwaka 1861, na mwaka uliofuata akapanda sehemu yake na kuangukiwa na theluji mwilini. Kumbe yule aliyesema "baridi" alikuwa na ushahidi, naye msomi wa London alikuwa na kiburi.

Basi, ikiwa theluji ilikuwa hapa muda wote, mbona kwenye Krismasi zetu imeletwa kama mgeni? Kwa sababu ile ya kwenye kadi haikutoka Kibo. Tukizisoma Injili za Mathayo na Luka, simulizi za kuzaliwa kwa Yesu hazitaji theluji hata mara moja. Wachungaji wanatajwa kuwa nje malishoni usiku, jambo ambalo mfugaji wa Taita Taveta analielewa bila kufafanuliwa. Mwezi wa Desemba nao hautajwi. Tarehe 25 ilikuja kushikwa na kanisa la Roma katika karne ya 4. Theluji iliingia Krismasi kwa njia ya utamaduni wa Ulaya ya kaskazini, ambako Desemba ni kipupwe. Na nyingi ya taswira tunazoziona "za kale" si za kale hivyo. Hadithi ya Charles Dickens kuhusu bahili wa Krismasi, iliyojaa ukungu na baridi ya London, ilitoka mwaka 1843. Picha maarufu ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti wa Krismasi, iliyoeneza desturi hiyo Uingereza, ilichapishwa gazetini Desemba 1848. Tazama mwaka huo! Ni ule ule ambao Rebmann na Bwana Kheri waliutazama mlima mweupe. Waingereza walikuwa wanaanza kuipamba Krismasi yao, huku wasomi wao wakikaribia kukana theluji yetu.

Wamisionari waliokuja baadaye walileta sikukuu pamoja na mapambo yake. Sagalla ilipata misheni ya Kianglikana mwaka 1883 chini ya Joseph Alfred Wray, na Wakatoliki nao wakajenga Bura. Neno theluji lilisikika makanisani, kwani limo katika Biblia ya Kiswahili, katika Zaburi, Ayubu na Isaya, na aghalabu kama mfano wa weupe na usafi. Shuleni tulipokuwa watoto tulikata tawi, tukalibandika vipande vya pamba, tukaambiwa hiyo ndiyo theluji. Hakuna mwalimu aliyetutoa nje na kutuonyesha upande wa Kibo. Sina ugomvi na pamba. Watoto wa leo waendelee kuibandika. Lakini ingefaa waambiwe pia kwamba ile halisi iko pale, inaonekana kwa macho.

Nimewahi kusherehekea Krismasi ndani ya theluji yenyewe. Katika miaka ya tisini nilikuwa Bayreuth, Ujerumani, nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Siku ya Krismasi tulitoka wenyeji wa Afrika Mashariki tukaenda kwenye kilima nje ya mji: familia moja ya Moshi yenye watoto wawili, dada mmoja kutoka Lamu, kijana wa Bukavu, na mimi Mtaita. Tulibeba chai ya tangawizi katika chupa, chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, na kuku wa kukaanga ambaye alipoa kabla hatujaketi. Theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Kijana wa Bukavu, ambaye hakuwahi kuigusa, alichota kiganja kizima akaitia mdomoni kuonja, akasema kwa masikitiko kwamba haina chumvi wala sukari.

Kilichonivutia zaidi ni lugha. Sote tulizungumza Kiswahili, kila mtu chake, na sote tulikwama. Tuliyaita nini yale madonge tuliyokuwa tukirushiana? Dada wa Lamu alisema madonge, yule bwana wa Moshi akasema mipira. Mtoto wake mdogo, aliyekuwa na miaka mitano au sita, ndiye aliyetatua: aliyaita matonge. Alikuwa amemwona mama yake akifinyanga ugali kwa vidole, na kitendo cha mkono kilikuwa kile kile. Tangu hapo sina neno jingine: tonge la theluji. Yule mtu anayetengenezwa kwa matonge makubwa matatu tulimwita sanamu ya theluji, na kazi ya kusafisha njia kwa beleshi ikaitwa kuzoa theluji. Hakuna neno hata moja lililohitaji kamusi ya kigeni. Kuzoa tunazoa taka na mchanga. Kitu kipya, kitendo cha zamani.

Ninawasihi ndugu zetu walio Minnesota, Toronto, Oslo na kwingineko wasikate tamaa na Kiswahili pindi theluji inapoanguka. Ninyi ndio mnaoishi nayo. Mkiwaambia watoto "vaa glavu tukazoe theluji", mnafanya kazi ambayo sisi tulio Kenya hatuwezi kuwafanyia. Neno halikui kwenye kamusi. Hukua pale linapohitajika, na nyumba zenu zinalihitaji kuliko zetu.

Lakini tusidhani kwamba wanaochanganya ni wa ng'ambo peke yao. Mnamo Septemba 2008, karibu na Nyahururu, watu waliamka wakakuta mteremko mzima umefunikwa weupe. Wazee, vijana na watoto walitoka nje wakaanza kuchezea kitu hicho, na habari zikaenea duniani kwamba theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe, iliyoanguka kwa wingi mno hata ikashikamana. Furaha ya watu wale ilikuwa ya kweli, na siwanyang'anyi. Ila jina lilikuwa la kitu kingine, na jina likikosea, maelezo nayo hukosea. Anayeamini ilikuwa theluji atadhani nchi imepoa. Anayejua ilikuwa mvua ya mawe ataelewa kwamba ni dhoruba, jambo ambalo hutokea hata katika nchi yenye joto.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Kibo, na kwenye lile jambo zito nililolitaja mwanzoni. Desemba moja nikiwa Taveta, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri na mlima ulikuwa mweupe pe hadi chini ya kilele. Mzee mmoja niliyeketi naye alinionyesha kwa bakora yake. "Profesa, hao wanaosema theluji ya Kilimanjaro inaisha ni waongo," akaniambia. "Si ile pale? Imerudi."

Mzee hakuwa na shida ya macho. Theluji ilikuwa imerudi kweli. Shida ni kwamba waliomwambia habari za mlima walimtajia kitu kimoja kwa jina la kingine. Wataalamu hawasemi theluji inaisha. Wanasema barafu inaisha. Theluji huja na mvua. Vuli ikiwa nzuri, Kibo huvaa kanzu mpya. Januari likiwaka jua, kanzu huvuliwa. Barafu ni ile iliyotengenezwa na theluji za karne nyingi. Baadhi ya waandishi wa jiografia huiita barafuto, neno lililoundwa kwa kuunganisha barafu na mto, kwa kuwa ikiwa nyingi husogea taratibu kuteremka mlima. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kilomita mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Yaani katika kila sehemu 100, zilikuwa zimekwenda kama 85. Theluji ya Desemba hata ingekuwa nyingi namna gani, haiwezi kuzirudisha.

Nilimweleza mzee kwa lugha ya mfukoni. Theluji ni mshahara, barafu ni akiba. Mtu anaweza kupokea mshahara mwezi huu, akanunua mbuzi wa Krismasi, akaonekana tajiri, huku akiba yake benki ikiwa imeliwa karibu yote. Ukimtazama siku ya sikukuu pekee utamwita tajiri. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo wasomi wengi hawaulizi: "Basi hiyo akiba iliibwa na nani?"

Majibu ni zaidi ya moja. Hewa ya kileleni imekuwa kavu kuliko zamani, theluji mpya imepungua, na dunia imeongezeka joto. Haya yanashikana. Theluji mpya ni nyeupe, hivyo hurudisha mwangaza wa jua angani na kuilinda barafu iliyo chini yake kama shuka. Shuka likikosekana, barafu iliyochakaa hunywa joto na kwenda. Ndiyo maana tunahitaji maneno yote mawili katika sentensi moja: theluji huilinda barafu. Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa mtu ambaye kwake theluji na barafu ni kitu kimoja. Itakuwa sawa na kusema maji huyalinda maji.

Tofauti hiyo inatusaidia pia tusiogope jambo lisilo. Wengine Taveta hudhani kwamba barafu ikiisha, chemchemi kama Njoro zitakauka, kwa kuwa maji "yanatoka kwenye theluji". Sehemu kubwa ya maji yanayotokea chini ya mlima ni ya mvua inayonyeshea ukanda wa msitu, ikazama ardhini na kutokea mabondeni. Kwa hiyo mkulima wa ndizi wa Taveta anayehofia maji yake aulize kwanza habari za msitu: moto, shoka na mashamba yanayopanda mlima. Kitaifa, msitu huo ni wa Tanzania. Maji hayaujui mpaka wa Holili.

Nimalizie na pendekezo la kawaida kabisa. Wiki hii magari na gari moshi la Madaraka vitashusha watu Voi, wakielekea Sagalla, Wundanyi, Kasigau na Taveta, wakiwa na mizigo na watoto ambao Kiswahili chao ni cha Nairobi. Watakula kimanga na kuku nje ya nyumba za babu na nyanya zao. Anayejaliwa kuwa Taveta asubuhi iliyo wazi, kabla mawingu hayajakifunika kilele, awatoe watoto nje. Awaonyeshe weupe ulioenea na kuwaambia: hii ni theluji, ilikuja na mvua za juzi. Kisha awaonyeshe, kama macho yanaweza kuitenga, ile mistari mizito kileleni inayong'aa kwa rangi ya samawati, na awaambie: ile ni barafu, babu yenu aliiona kubwa kuliko mnavyoiona. Simu ya Minnesota ikiingia wakati huo, wageuzieni kamera. Wao waonyeshe theluji yao, nanyi muwaonyeshe ya kwenu.